Je, Kukosea Wakati ni Kusema Uongo?

Sisi tunaofundisha kozi ya Kiingereza kwa vijana hapa Nyarugusu tuna kosa moja ambalo tumelizoea. Mwanafunzi, hata yule mzuri, anaandika: "I am here since ten years." Ukimwuliza alitaka kusema nini, anakujibu bila wasiwasi: niko hapa tangu miaka kumi. Wengi wetu tulianza shule Kongo au Burundi kwa Kifaransa, na kule neno "depuis" linabeba yote mawili, mwanzo wa jambo na urefu wake. Kiingereza hakitaki hivyo. "Since" inadai siku jambo lilipoanza, "for" inadai muda uliopita. Vipindi viwili na mazoezi kidogo, kosa linaisha. Halafu kuna wale wa "in Monday" na "yesterday night". Hao hawanisumbui, kila mtu anawaelewa.

Kinachonisumbua ni swali lingine. Mtu akitaja wakati vibaya mbele ya mtu mwenye kalamu, amekosea au amedanganya? Na mzigo wa kosa hilo aubebe nani? Kambini hili si swali la darasani peke yake. Kesi ya mtu inasimama juu ya tarehe. Mkitofautiana wewe na mke wako kuhusu mwezi mliotoka nyumbani, kuna mtu ataandika pembeni kwamba maelezo hayaendani.

Tuanze na saa, maana hapo kila mtu ana kisa chake. Kiswahili kinahesabu kuanzia jua linapotoka: saa moja ya asubuhi ni 7:00 ya Kiingereza, saa nane ya mchana ni 2:00. Kirundi na Kinyarwanda wanahesabu vilevile, na Waganda pia. Kwa hiyo si ujinga wa mtu mmoja. Ni hesabu ya eneo zima, na ina akili yake, kwa sababu huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Ongeza jambo ambalo watu wachache wanalikumbuka: ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Uvira au Bujumbura kuja Kigoma, unapoteza saa moja. Upande ule saa iko nyuma. Mtu amefika usiku na boti, simu yake inasema hivi, ya askari inasema vile. Akiulizwa alifika saa ngapi, tayari ana majibu mawili, na yote ni ya kweli.

Jirani yangu, mama mwenye watoto wanne, aliwahi kupewa kikaratasi cha ofisi fulani kilichoandikwa 8:00. Akaenda saa nane, jua kali, mtoto mgongoni. Kumbe walimngoja asubuhi, saa mbili. Kwenye daftari waliandika kwamba hakufika. Mimi nasema alifika, na kwa saa aliyofundishwa na mama yake hakuchelewa hata dakika. Neno "hakufika" lilikuwa na kosa kubwa kuliko la kwake, lakini lake ndilo lililomgharimu wiki tatu za kungoja upya.

Mfano mwingine ni "mpaka". "Lete fomu mpaka Ijumaa." Kiingereza kina maneno mawili hapo: "by Friday" ni mwisho wa kuleta, "until Friday" ni jambo linaloendelea hadi Ijumaa. Kijana akiandika kwamba atakuwa nyumbani "by Friday" wakati alimaanisha "until", mgeni atakuja siku ambayo nyumba imefungwa. Na usiku je? Mtu akisema "usiku wa Jumatatu", wazee waliokulia kwenye hesabu ya Kiislamu, ambako siku inaanza jua linapozama, wanamaanisha usiku unaotangulia Jumatatu. Mwingine anamaanisha Jumatatu yenyewe baada ya chakula. Ndiyo maana magazeti yanaandika "usiku wa kuamkia". Ukitafsiri haraka tu, umehamisha shambulio la kijiji kwa siku nzima.

Sasa kuna watu wataniambia: wewe unawatetea waongo. Hapana. Wapo wanaodanganya kuhusu tarehe, tunawajua, tunaishi nao. Wapo pia vijana wanaokuja kwenye mazoezi ya mpira saa moja na nusu baadaye halafu eti "ni saa za Kiafrika". Hiyo ni kudharau wenzako, isisingiziwe Afrika. Mimi uongo nautafuta kwenye nia. Mwongo anajua ukweli akausogeza. Mwenye kukosea ameshika ukweli wake vizuri, ila chombo alichopewa kuubebea si kile alichozoea.

Na hapa ndipo fomu zenyewe zinapaswa kuulizwa. Mama anakumbuka kwamba walikimbia wakati wa kupanda mihogo, mtoto wa pili akiwa anatambaa. Hayo ni maarifa, tena ya uhakika. Fomu haina nafasi ya mihogo. Inataka siku, mwezi, mwaka. Basi zinatafutwa tarehe. Angalia vitambulisho vya majirani zako uone ni wangapi wamezaliwa Januari 1. Hakuna aliyeamini kweli kwamba wazazi wetu wote walijifungua siku moja. Kila mtu alikubali kuandika kitu kisicho kweli kwa sababu kilikuwa na umbo linalotakiwa. Halafu miaka ikipita, mama yuleyule akichanganya tarehe aliyopewa, anaonekana hana uaminifu! Mimi naona si haki kumpima mtu kwa usahihi ambao si wake.

Darasa la watu wazima lilinipa fundisho gumu zaidi. Tulikuwa kwenye "I lived" na "I have lived". Kiswahili chetu "nimekaa" hakilazimishi mtu kusema kama jambo limeisha. Kiingereza kinalazimisha: "I lived in Fizi" maana yake imekwisha, sipo tena. Mzee mmoja, ambaye namwita baba kama wote tunavyomwita, alikataa kuandika hivyo. Nikamweleza kanuni. Akasema, "Mwalimu, kanuni nimeielewa. Lakini shamba langu liko pale, kaburi la mama yangu liko pale. Mimi sijamaliza kuishi Fizi." Akaandika "I have lived in Fizi" na akaacha hivyo.

Kwa mtihani, amekosa. Nilimwambia wazi, kwa sababu msaili akisoma sentensi ile anaweza kudhani baba bado anakwenda na kurudi, na hiyo ingemletea shida kweli. Kumheshimu mtu si kumwacha atembee na shimo mbele yake. Lakini sikuandika kwamba sentensi ni mbaya. Kitenzi chake kilikuwa kinasema jambo ambalo kitabu hakikuwa kimelipangia mahali.

Kwa hiyo tunafundisha namna mbili pamoja. Mwanafunzi anajifunza kanuni ya "since" na "for" mpaka aijue usingizini, na pia anajifunza kusema, kwa Kiingereza safi: sijui tarehe, najua ilikuwa msimu gani, au, unauliza saa ya Kiswahili au ya Kiingereza? Baadhi ya vijana wanaona aibu kuuliza hivyo, wanaogopa kuonekana hawajui lugha. Na kwa wenzetu mnaoshika kalamu, ombi langu ni dogo: mkiandika 8:00 kwenye kikaratasi, ongezeni "saa mbili asubuhi". Ni maneno matatu, yanaenea kwenye mstari uleule.