Mti Usio na Mwenyewe



Katika mtaa wetu wamo wengi wasiolala usiku kwa maumivu. Yuko mama aliyechuma kahawa Mbozi miaka mingi, na sasa mgongo haumwachi. Yuko kijana apakuaye mizigo mpakani Tunduma, na magoti yamekwisha. Wengine hununua vidonge vikali, na baada ya muda hawawezi tena kuviacha. Wengine huchemsha mizizi. Sisi majirani husema, "Pole." Je, pole yatosha?

Mungu ametupa mimea yenye nguvu. Katika afyuni watu walipata mofini, dawa kubwa ya maumivu, ambayo pia yaweza kumfunga mtu. Lakini pilipili ya jikoni ina kitu kiwashacho ambacho, kikitengenezwa dawa ya kupaka, hupunguza baadhi ya maumivu ya neva, wala hakimfanyi mtu mtumwa. Basi huenda porini kwetu nako kuna dawa ya namna hiyo. Lakini kubahatisha si kujua.

Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba mizizi ya mti mmoja wa Kameruni ina tramadoli, dawa kali itengenezwayo viwandani. Mwaka 2014 wataalamu wengine walichunguza tena. Wakaona kwamba wakulima wa kaskazini ya nchi hiyo huwapa maksai vidonge hivyo, na kuvimeza wenyewe, ili wasichoke kulima. Dawa hutoka kwa mkojo, huingia ardhini, na mizizi huinyonya. Kama wasingerudia kuchunguza, ni wangapi wangechemsha mizizi ile wakidhani ni salama?

Kazi hiyo yataka fedha. Nani atoe? Mwenye kiwanda hutafuta faida, wala si dhambi. Lakini mzizi ambao kila mtu aweza kuuchimba nyuma ya nyumba yake haumpi faida kubwa. Kwa hiyo mzigo huu ni wa umma. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili pale Muhimbili mwaka 1974.

Wako wasemao, "Fedha zinunue kwanza dawa za malaria, maumivu hayaui." Neno hilo lina uzito, maana mfuko ni mmoja. Lakini asiyelala halimi, na asiyelima watoto wake hulala njaa.

Yule Msamaria alimtia majeruhi mafuta na divai, dawa za siku zile. Kisha akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Huruma yake ilifika mpaka mfukoni.

Basi, tukiulizwa kodi na sadaka zetu zifanye nini, tuwakumbuke wasiolala. Mzee ajuaye mzizi asiende nao kaburini. Aupeleke ukachunguzwe, na haki yake ilindwe. Naye anywaye mizizi pamoja na vidonge amwambie daktari, bila aibu.