Matangazo Ndiyo Mizani: Nasaha kwa Waumini wa Kanisa Dogo Ugenini

Ndugu zangu Waanglikana mliotoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi, ambao leo mnasali katika makanisa madogo ya Episcopal huku Marekani, nawaandikia kama mzee wenu. Mafundisho ya dini mnaye kasisi wa kuwapa. Mimi nina neno la adabu tu, nalo ni moja, hata kama lina matawi mengi.

Katika kanisa dogo, adabu ya mtu haipimwi kwa sauti yake kwenye kwaya wala kwa suti yake ya Jumapili. Hupimwa kwenye matangazo. Yakisomwa mambo ya wiki zijazo, nani atasoma masomo, nani atapika supu ya Kwaresima, nani atafungua mlango Jumatano jioni, hapo ndipo hujulikana nani ni wa nyumbani na nani amekuja kutazama.

Nyumbani tulizoea parishi yenye kwaya tatu, Umoja wa Mama na vijana waliojaa mabenchi ya nyuma. Ukikosekana, pengo lilizibwa kabla hujaulizwa. Huku mnaweza kuwa watu thelathini, nusu yao wajane wenye magongo. Msomaji asipotokea, kimya kinatanda mbele ya mimbari mpaka mama wa miaka themanini anyanyuke kutafuta miwani yake. Hakuna atakayekugombeza. Lakini Jumapili ijayo watasita kukupa kazi, na hiyo ndiyo hasara yenyewe.

Wala msijifiche nyuma ya ugeni, maana nyumba hii ni ya ukoo wetu. Baada ya vita vya uhuru, Waanglikana wa Marekani hawakuweza tena kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza, ambacho huko kilitakiwa kwa kila anayewekwa wakfu kuwa askofu. Kwa hiyo askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, alikwenda kuwekwa wakfu Scotland mwaka 1784, na mwaka 1789 Kanisa likapitisha katiba yake. Sisi nasi tulipokea imani hiyo hiyo kwa njia zetu: wamisionari wa UMCA waliojenga kanisa la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, wale wa CMS waliofanya kazi Mombasa, na kwa ndugu wa Kongo, Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896. Fungua Kitabu cha Sala cha Waepiskopali cha mwaka 1979 na utaujua mwendo wa ibada hata kama lugha bado inakupiga chenga: maungamo, amani, shukrani, kuumega mkate. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la huku ni ile karatasi ya matangazo.

Nasaha ya kwanza ni ya saa. Ibada ya saa nne asubuhi huanza saa nne. Mwenye zamu ya kusoma, kupokea watu mlangoni au kuhudumu altareni awe amefika robo saa kabla. Baada ya ibada, idadi ya waliohudhuria huandikwa katika daftari la ibada, na hesabu za mwaka mzima huingia katika taarifa ambayo kila kanisa hupeleka juu. Kwa kanisa la watu thelathini, familia moja ya watu sita ni jambo kubwa kwenye daftari hilo. Kama kazi ya zamu ya usiku imekushinda, piga simu Jumamosi. Kuomba udhuru mapema ni nusu ya kutimiza.

Nasaha ya pili ni ya usajili. Wengi wetu tunasali mahali miaka mingi na majina yetu hayamo popote. Tafuta cheti chako cha ubatizo au, kama kilipotea njiani, mweleze kasisi akuongoze. Kipaimara hutolewa na askofu, na kanuni zinamtaka askofu azuru kila kanisa walau mara moja katika miaka 3. Mkitangaziwa ziara yake, waandikisheni vijana mapema, wahudhurie mafundisho. Msimlete mtoto asubuhi ya ibada akiwa na shati jipya na hajui anachoulizwa. Kuhusu kumwita kasisi, waumini wengine humwita kwa jina lake la kwanza, na kasisi mwenyewe huenda ni mwanamke. Muulize anavyopenda kuitwa. Ukibaki na “Kasisi” kwa heshima ya kwenu, hakuna atakayechukizwa.

Nasaha ya tatu ni ya meza. Kahawa baada ya ibada ni sehemu ya ushirika. Usiponyoke kuelekea garini mara tu wimbo wa mwisho unapoisha. Mkitangaziwa chakula cha pamoja, kila nyumba na chungu chake, leta unachokijua: pilau, sambusa, maharage ya nazi. Ila andika kikaratasi cha viungo na ukibandike mbele ya sufuria. Kisamvu chetu cha karanga ni kitamu, lakini huku wako watu, hasa watoto, ambao karanga kidogo tu huwafikisha hospitali. Waache wazee watangulie kupakua. Raundi ya kwanza chota kidogo. Na onja cha wenzako. Usimwachie mwenyeji bakuli lake la viazi likiwa zima huku sisi tumekizunguka cha kwetu. Jumanne ya kabla ya Jumatano ya Majivu makanisa mengi hupika aina ya chapati za maji na kuzila kwa asali ya miti. Hapo mpishi wa kwetu hahitaji kufundishwa kugeuza. Aombe mwiko mapema.

Nasaha ya nne ni ya kazi zisizoonekana. Baada ya chakula, tazama nani amesimama kwenye sinki. Mara nyingi ni mama wale wale wawili, miaka nenda miaka rudi. Mwanamume, chukua kitambaa ukaushe vyombo. Hakuna mwiko wa kwenu unaovunjika. Kisha kuna kikundi cha altare, ambacho kazi yake huonekana siku tu isipofanyika. Kitambaa kilichofutia kikombe hakitupwi katika mashine pamoja na taulo za jikoni. Kwanza husuuzwa, na maji yale humwagwa ardhini, au katika beseni maalumu ambalo bomba lake huingia ardhini moja kwa moja. Ndipo hufuliwa, na kupigwa pasi kingali na unyevu, mpaka mikunjo yake ikae sawa. Kazi hii haihitaji Kiingereza. Anayetaka kuwa wa nyumbani upesi aiombe.

Kama mmepewa jengo kwa ibada ya Kiswahili alasiri, ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayejulikana. Rudisheni viti mlivyovikuta, zimeni taa, na wakati wa baridi mshushe kipasha joto kabla ya kuondoka. Bili ya joto ya jengo la zamani inaweza kula sadaka ya Jumapili kadhaa.

Nasaha ya tano ni ya watoto. Kwetu mtoto ni wa wote, na jirani humkanya bila kuuliza. Huku, kila anayehudumia watoto kanisani hupitia mafunzo ya ulinzi wa mtoto na kuchunguzwa rekodi zake, na haruhusiwi kukaa peke yake na mtoto faragha. Ukiombwa kujaza fomu hizo, usione umetukanwa. Kasisi hujaza pia. Usimchape mtoto wa mwenzako, wala usirushe picha yake kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kumuuliza mzazi.

Nasaha ya sita ni ya fedha. Vuli inapofika mtapewa kadi ya ahadi, kila nyumba iandike itatoa kiasi gani mwaka unaofuata. Kwa kadi hizo halmashauri ya kanisa hupanga bajeti: mshahara wa kasisi, bima, paa. Sisi tuliozoea mnada wa kuku na ndizi nje ya kanisa hupenda kuahidi kwa moyo uliochangamka. Ahadi ni deni. Andika dola tano kwa wiki uzitoe, kuliko hamsini za kusifiwa. Ukipunguziwa saa za kazi, mwone mtunza hazina, ahadi hubadilishwa bila fedheha. Wala usimkadirie mwenzako: huenda anatuma fedha katika kambi ya wakimbizi kwa ndugu ambao hujawahi kusikia majina yao.

Nasaha ya saba ni ya mkutano mkuu wa mwaka, ambao makanisa mengi huufanya Januari. Hapo huchaguliwa halmashauri, wasimamizi, na wajumbe wa sinodi ya dayosisi. Watu wetu wengi husikia tangazo hili na kwenda zao nyumbani, kisha hulalamika mwaka mzima kwamba hakuna anayewauliza. Kanuni za Kanisa humtambua kuwa mshirika yule aliyepokea Ushirika Mtakatifu walau mara 3 katika mwaka uliopita, na aliyetimiza miaka 16 huhesabiwa mshirika mtu mzima. Uliza masharti ya kura katika dayosisi yako, kisha kaa mpaka mwisho. Ukisimama kusema, sema neno moja, fupi, juu ya jambo lililo mezani. Ukishindwa kura, usihame kanisa.

Nasaha ya nane ni ya ulimi. Katika kundi dogo neno halina pa kujificha. Aliyekukosea umwendee yeye, msiyamalize kwenye maegesho. Yako pia mambo makubwa yanayotugawa. Tangu mwaka 2003, Kanisa la Episcopal lilipomweka wakfu askofu aliyeishi waziwazi na mwenzi wa jinsia yake, majimbo kadhaa ya Kianglikana ya Afrika Mashariki yamepingana nalo vikali, na ndani ya nyumba zetu wenyewe kuna wenye msimamo huu na wenye msimamo ule. Mwenye dhamiri inayomsumbua aombe miadi na kasisi wakae wawili. Lakini asimkwepe mtu wakati wa kupeana amani, wala asimsengenye akiwa na kikombe cha kahawa alichomiminiwa na mtu huyo huyo mkononi.

Nasaha ya tisa ni kwa mliotangulia kufika. Tangazo lisemalo “wote mnakaribishwa” halimsaidii mama asiye na gari, anayeishi mahali ambapo basi halipiti Jumapili. Kabla ya baraka ya wanyama mwezi Oktoba, kabla ya kumbukumbu ya Absalom Jones, kasisi wa kwanza mweusi wa Kanisa hili, tarehe 13 Februari, jiulize nani hajui kwamba siku hiyo ipo. Mtafsirie. Mpitie. Mkalishe karibu na mwenyeji mmoja na uwatambulishe kwa majina. Na kukiwa na ugonjwa au msiba nyumbani kwa mwenyeji, piga simu kwanza, maana wao hawajazoea kuvamiwa. Ila ukisha kupiga, nenda. Wengi wao wana watoto walio mbali, na chakula wanakila peke yao.

Ya mwisho ni ya kuanza. Bidii ya wiki ya kwanza imewaangusha wengi: mtu anajiandikisha kwaya, jikoni na ghala la chakula cha wahitaji, na kufikia Pasaka hayumo popote. Jumapili hii chukua karatasi ya matangazo, soma yote, andika jina lako mahali pamoja tu, na umtaje mtu wa kushika nafasi yako siku utakayoshindwa. Ukiimudu kazi hiyo mwaka mzima, omba ya pili.