Mwenye Ila Kichwani, Je, Ni Miongoni mwa Wafao?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: Liko suali ambalo wazee wetu hawakuulizwa, kwa kuwa jicho halikuweza kuona ndani ya fuvu. Leo mtu huingizwa katika mashine ya sumaku, ikapigwa picha ya ubongo wake, akatoka ameambiwa jambo ambalo babu yake angalikwenda nalo kaburini pasi na kulijua.

Miongoni mwa mambo hayo ni ila iitwayo kavanoma. Ni fundo la mishipa midogo ya damu yenye kuta nyembamba, umbo lake kama tunda la forosadi. Damu hupita humo polepole, na pengine huvuja. Yakadiriwa kuwa katika kila watu 200 mmoja anayo mahali fulani kichwani, na walio wengi hawana khabari. Iliyo nadra na nzito ni ile ya katika shina la ubongo, panapoungana ubongo na uti wa mgongo. Kwani hapo ndipo paendeshapo pumzi, mapigo ya moyo, kumeza na kusimama sawasawa. Damu kidogo ikivuja hapo, mtu aweza kuona kimoja kuwa viwili, uso ukafa ganzi, na mwendo ukayumba hata asiyemjua akamdhania mlevi.

Basi mtu huyu akirudi kwao, mara nyingi watu humzika yu hai. Mshirika wake wa biashara hujitenga, aliyeikubali posa yake hurejesha neno, na warithi humzuia asitoe mali yake. Naye mwenyewe hukaa barazani akingoja. Je, haya ni haki?

Wanavyuoni wetu wa Kishafii walikwisha weka mizani. Katika mlango wa wasia wamepambanua maradhi ya kukhofiwa, ambayo mgonjwa akifa kwayo hiba zake hazipiti theluthi ya mali ila kwa ridhaa ya warithi, na maradhi yasiyo ya kukhofiwa, ambayo mwenyewe ni kama mzima. Imam Nawawi katika Minhaj amehesabu mwanzo wa kupooza kuwa ni wa kukhofiwa. Nao walioisherehesha wakaeleza kuwa kupooza kukidumu, mtu akaishi nako, hakuhesabiwi tena hivyo. Na penye shaka, haithibiti ila kwa matabibu wawili waadilifu. Si kwa neno la jirani wala la mrithi.

Sasa na tupime. Mwaka 2016 zilitangazwa khesabu za wagonjwa 1,620 wa kavanoma. Wenye ila hiyo katika shina la ubongo, ambao haikujulikana kwa kuvuja damu wala kwa udhaifu wa viungo, kiasi cha 8 katika 100 walivuja damu katika miaka mitano. Na ambao ilianza kwa hayo, kiasi cha 31. Khatari ipo, wala hatuidharau. Lakini hata katika kundi la pili, walio wengi walipita miaka hiyo salama. Kwa hivyo, kwa tuonavyo, maadamu ila imetulia, mwenyewe ni mzima kwa sheria: kuuza kwake, kuoa kwake na hiba yake ni sahihi. Ikivuja kwa nguvu hata matabibu wakaikhofia roho yake, hapo ndipo hukumu ya theluthi humfikia.

Ama kupasuliwa, mizani ni ile ile. Mafakihi wamempa mwenye mamlaka ya nafsi yake rukhsa ya kukatwa uvimbe, ila ikiwa khatari ya kukata yashinda khatari ya kuacha. Basi asubiriye kwa shauri la matabibu hakujitupa katika maangamizo, wala akubaliye kisu baada ya kuvuja mara kwa mara hakukosa tawakali.

Huenda mtu akasema: "Yeye ajua, nasi hatujui, basi hatuko sawa." Twajibu: kujua hakukumwongezea mauti, kumemwongezea wajibu. Na aandike wasia, alipe deni, asiendeshe gari ikiwa macho yamdanganya, na asipoweza kusimama aswali ameketi. Tena wasia na deni ni mambo yetu sote. Yeye ameamshwa, nasi tungali tumelala. Basi ndugu zangu, mwacheni auze, aoe, atoe sadaka, maadamu Mola wake hajamwita.

Wallahu aalam.