Kisanduku cha Tabia

Kwa miaka 31 nilisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu, na kilichonitoa jasho kuliko yote ni kisanduku cha tabia kwenye ripoti. Hesabu ina jibu lake. Lakini moyo wa mtoto wa miaka kumi na moja niujazie A au C kwa mamlaka ya nani?

Najua wazo la kupima tabia lilikotoka, na nia ilikuwa njema. Mwaka 1967, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani inapima kukariri, haipimi fikra wala moyo wa kutumikia. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kazi za kila siku na mwenendo vihesabiwe pia. Nilikubaliana nao, na hata leo nakubaliana nao.

Darasa la tano nilikuwa na binti mkimya sana. Nusu jumlisha robo, akaandika 2/6. Nikamwekea kosa, na kwenye kisanduku cha tabia bidii yake nikaipa D. Muhula ulipofunguliwa akaandika vilevile. Safari hii nikamwita mezani.

"Hebu nieleze, mwanangu. Umefikaje hapa?"

"Mwalimu, kwenye netiboli nilirusha mara mbili, nikafunga moja. Tena nikarusha mara nne, nikafunga moja. Si nimefunga mbili katika sita?"

Nilikosa la kusema. Swali langu alilikosa, ila alikuwa amejibu swali jingine, tena sawasawa.

Nikakumbuka chuo cha Kurani nilichosomea Pangani. Tuliandika kwa kalamu ya tete juu ya ubao wa mbao, na ubao hauoshwi mpaka maalim akusikilize. Ulikaa naye mkekani goti kwa goti, yeye amefumba macho. Ukikosea haandiki kitu. Anatikisa kichwa, unarudi nyuma aya moja, na pale ulipojikwaa ndipo anapokushika mkono. (Bakora nazo zilikuwepo, na sizitetei.)

Dini yangu inanifundisha kwamba shahidi husema aliyoyaona na kuyasikia. Yaliyomo vifuani anayajua Mwenyezi Mungu. Mwalimu anaposahihisha anatoa ushahidi. Mimi kwa binti yule nilishuhudia nini? Kimya tu, nikakiita uvivu, nikatia na sahihi. Ushahidi wa namna hiyo ni wa uongo, na nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Mwisho wa muhula, kwenye kisanduku cha tabia, niliandika: "Hufika kabla ya kengele. Humsomea jirani yake asiyeona vizuri ubaoni. Huuliza akiwa peke yake, si mbele ya darasa." Mwalimu mkuu akanirudishia ripoti: fomu inataka herufi moja. Nikaongeza B pembeni, maneno nikayaacha.

Siku ya kufunga shule mama yake alikuja. Aliniomba nimsomee mistari ile mara mbili. Kuhusu herufi hakuuliza.