Ulinzi wa Mkulima Ni Deni

Mkoani Singida, penye mvua chache, alizeti ni tegemeo la wakulima wengi. Mshindani wao yuko mbali: ni mawese yatokayo Malaysia na Indonesia. Ndiyo sababu, katika mwaka wa fedha 2018/19, Serikali ilipandisha ushuru wa mawese ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35.

Je, ni haki? Yatupasa kukiri kwamba ushuru huo haumwelemei mgeni peke yake. Humfikia pia mwananchi anunuaye mafuta ya kipimo dukani. Basi kumlinda mkulima ni kuwaomba ndugu zake wamchangie, na mchango huo ni deni. Hulipwa kwa mbegu bora, kwa mafuta safi na kwa bei ya haki. Alindwaye asipojitahidi huwa mnyonyaji, hata akiwa ameshika jembe.

Tena, mlango tuufungao nasi huweza kufungiwa. Machi 2025 Malawi ilizuia ndizi na mazao mengine yetu. Aprili, Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, yakiwamo matufaha, hadi mazungumzo yalipofungua njia. Uchungu wa mkulima wetu wa ndizi haupiti ule wa mwenzake wa matufaha.

Kwa hiyo ulinzi uwe na sababu, kipimo na mwisho. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Hata alindwaye nyumbani kwao, sheria hiyo yamhusu.