Kijana wa Shas Yuko Mfukoni Mwetu

 

Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na barazani watu wanaulizana: siasa hizi za chuki zaweza kutuingiza vitani sisi kwa sisi?

Jibu tunalo hapa hapa Pwani. Tarehe 13 Agosti 1997, mwaka wa uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakafukuzwa kwa kuitwa wabara. Kura za 2007 zilipobishaniwa, Wakenya zaidi ya 1,100 walikufa. Na Agosti 2012, Idi haijatimiza hata wiki, shambulio moja kijijini Riketa, Tana Delta, liliua watu zaidi ya 50, wengi wanawake na watoto. Ugomvi wa malisho na maji baina ya Wapokomo na Waorma ni wa zamani, lakini mwaka ule uchaguzi nao ulikuwa mlangoni.

Fitina kama hii huanzaje? Wasimulizi wa Sira wanatupa kisa cha Shas bin Qays, aliyechukizwa kuwaona watu wa makabila ya Aws na Khazraj wakikaa pamoja Madina. Hakushika upanga. Alimtuma kijana akae nao, awakumbushe vita vyao vya zamani vya Bu'ath na mashairi yake. Punde wale waliosali safu moja wakaitana kwenye silaha. Mtume (SAW) akawatokea, akawauliza vipi warejee ujahilia naye yu kati yao. Wakalia, wakakumbatiana.

Leo kijana wa Shas yuko mfukoni mwetu, ndani ya simu. Sauti isiyojulikana imetoka wapi yasema, "Wale wanataka kutumaliza," nasi twaisambaza kahawa haijapoa. Suratul Hujurat yatuamrisha tuchunguze habari, yatukataza kuitana majina mabaya, na yatutaka tuwapatanishe wanaopigana.

Basi ujumbe wa fitina ukikufikia, ufie mkononi mwako. Mwanao akipewa noti aende kuvuruga mkutano wa mgombea, mzuie. Noti ile ni haramu. Sisemi tunyamazie dhuluma. Madai ya ardhi ya Pwani ni mazito, lakini haki hudaiwa mahakamani na kwenye kura, haidaiwi kwa kumchomea jirani nyumba. Mpigie kura umtakaye, kisha ukirudi mtaani kwako, Shella, Barani, Maweni au Kisumu Ndogo, mtolee salamu aliyempigia mwengine.

Ewe Mola, zizuie ndimi zetu kabla ya mikono yetu, na utujaalie tuwe wapatanishi. Amin.