Mwiba wa Ozi



Msimu wa mpunga uliopita tulikuwa Ozi, karibu na mlango wa mto Tana, tukisomesha kwa siku chache. Tukaletewa mkulima aliyechomwa na mwiba unyayoni. Mguu umevimba, mwekundu, wa moto. Na jamaa zake wamekwisha kukata shauri kuwa amekanyaga uchawi. Jeraha wamelipaka kinyesi cha ng'ombe na majivu. Walitutaka kombe. Tuliandika, akanywa, wala hatukumwambia alifunue jeraha tulitazame. Twayasema haya kwa haya. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema. Kosa letu ni kulifanya mahali pa maji safi na tabibu.

Uvimbe ule ni nini basi? Mwiba huingia pamoja na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ngozi iliyojeruhiwa hutoa vitu vinavyoipanua mishipa midogo ya damu. Damu huzidi, ndio wekundu na joto. Na majimaji yake huvuja katika nyama, ndio uvimbe. Kisha ukuta wa mshipa, kwa upande wa ndani, huchomoza mfano wa vikulabu. Chembe nyeupe za damu zilizokuwa zikipita mbio hunaswa navyo, zikabingirika polepole ukutani, zikashika imara, halafu zikajibana na kupenya hata zikatoka nje. Ni kama mwenye mtumbwi katika mkondo wa Tana: harukii nchi kavu chombo kikienda kasi, bali hushika matete ya ukingoni, akapunguza mwendo, akafunga, ndipo akashuka. Zikishatoka huvifuata vijidudu na kuvimeza. Za kwanza hufika katika muda wa saa chache, na umri wao ni mfupi. Usaha tunaouchukia, wingi wake ni maiti zao.

Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mtaalamu wa Urusi aitwaye Elie Metchnikoff aliwachoma miiba watoto wa kiti cha pweza. Asubuhi akaona chembe zimeuzingira kila mwiba. Kwa elimu hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Ajabu ni kuwa sisi tunaosoma kila mara kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwafananisha waumini na mwili mmoja, kiungo kikiumwa mwili mzima ukakesha kwa homa, tuliuona msaada wa mwili tukauita uchawi! Naye ndiye aliyetuamrisha tujitibu.

Apakaye kinyesi huwaongezea maadui nguvu, kwani humo huwamo vijidudu vya pepopunda. Jeraha lataka maji safi na sabuni. Wekundu ukipanda mguuni kama mstari, au homa ikaja, au mtoki ukavimba, safari ya hospitali ni siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asingoje hata hayo: sukari ikizidi chembe hizi hudhoofu, na mguu wake huenda usihisi maumivu.

Mkulima yetu alifika hospitali siku ya tano. Vidole viwili vilikatwa. Juzi ametuletea kikapu cha maembe ya Ozi, akakaa nasi hata alasiri, wala kombe hakulitaja.